Mlaji Asiyeulizwa: Uhakiki wa Tafiti za Lugha ya Matangazo ya Biashara katika Kiswahili

Ikisiri

Uhakiki huu unachunguza namna tafiti za lugha ya matangazo ya biashara katika Kiswahili zinavyofikia mahitimisho kuhusu mlaji. Hoja kuu ni kwamba tafiti nyingi za aina hii huchambua matini ya tangazo kwa umakini, kisha hudai kuwa mbinu zilizobainishwa huwashawishi wateja kununua, ilhali hakuna mteja hata mmoja aliyeulizwa wala kuangaliwa akinunua. Hoja hiyo inajengwa kwa kurejelea kazi za Barthes, Hall na Ehrenberg, historia ya M-Pesa nchini Kenya na Tanzania, pamoja na matumizi ya kanga. Inaoneshwa kwamba pengo hilo linapunguza thamani ya tafiti hizo kama kazi za lugha, na kwamba linazifanya zishindwe kuwa ushahidi pale mlaji anapohitaji kulindwa. Mwisho, zinapendekezwa njia za kuziba pengo ambazo mwanafunzi wa shahada ya umahiri anaweza kuzimudu.

1.0 Utangulizi

Lugha ya matangazo ya biashara ni mada inayopendwa na wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Sababu zake zinaeleweka. Data inapatikana barabarani, redioni, katika televisheni, magazetini na sasa kwenye simu. Matini zake ni fupi, zimejaa tamathali, na zinabadilika haraka kiasi kwamba kila mtafiti hupata jambo jipya la kueleza. Tangu sekta za habari na mawasiliano zilipofunguliwa kwa kampuni binafsi katika miaka ya 1990, matangazo ya simu, vinywaji, sabuni na huduma za benki yamekuwa sehemu ya Kiswahili cha kila siku.

Muundo wa tasnifu hizo hufanana. Sura ya kwanza hueleza tatizo la utafiti. Sura ya pili hupitia maandiko na kueleza nadharia, mara nyingi Elimumitindo, Uchanganuzi Hakiki wa Usemi au nadharia ya Uhusiano ya Sperber na Wilson (1986). Sura ya tatu hutaja mbinu za kukusanya data. Sura ya nne huorodhesha sitiari, tashihisi, takriri, chuku na uchanganyaji msimbo. Sura ya tano huhitimisha kwamba mbinu hizo huvuta hisia za wateja na kuwashawishi kununua, kisha hupendekeza kampuni ziendelee kuzitumia.

Kinachohitaji kuhakikiwa ni hitimisho hilo la sura ya tano. Kati ya kubaini sitiari katika bango na kusema kwamba sitiari hiyo humfanya mtu atoe hela kuna hatua ndefu. Tasnifu nyingi huiruka bila kuitaja.

2.0 Mchango wa Tafiti Hizi

Si haki kuhakiki tafiti hizi bila kutambua zilichokifanya. Kwanza, zimehifadhi matini ambazo zingepotea. Bango hukaa miezi michache likaondolewa, na tangazo la redio hupita hewani bila kuacha alama. Mtafiti anayenakili matini hizo kwa tarehe na mahali anawaachia wanaisimu wa kesho hazina ya Kiswahili cha mjini ambayo haimo katika kamusi.

Pili, zimeonesha kwamba wabunifu wa matangazo hutegemea fasihi simulizi kuliko inavyodhaniwa. Methali hukatwa katikati, kitendawili hugeuzwa swali la kibiashara, na kaulimbiu hupangwa kwa mizani na vina kama shairi. Tatu, zimefuatilia namna lugha ya vijana inavyoingia katika matangazo na kurudi mitaani ikiwa na maana nyingine.

Mambo hayo matatu yanahusu matini, na mbinu ya kuchambua matini inatosha kuyathibitisha. Tatizo huanza pale mtafiti anapotoka katika kile tangazo linachosema na kuingia katika kile linachofanya kwa watu.

3.0 Hatua Inayorukwa

Asili ya usomaji wa matangazo kama mfumo wa ishara ni makala ya Roland Barthes ya mwaka 1964, ambamo alichambua tangazo la Kifaransa la tambi za Panzani. Picha ilionesha kikapu cha nyavu kilicho wazi nusu, kikimwaga pakiti za tambi, kopo, nyanya, vitunguu na pilipili hoho. Barthes alieleza kwamba jina la bidhaa pamoja na rangi za mboga hizo vilijenga dhana ya Uitaliano. Uchambuzi huo umerithiwa na vizazi vya wanafunzi duniani, wakiwemo wa Afrika Mashariki.

Kilichorithiwa kwa nadra ni tahadhari aliyoiweka Barthes mwenyewe. Alisema wazi kwamba dhana hiyo ya Uitaliano inategemea ujuzi wa Mfaransa, na kwamba Mwitaliano asingeiona kwa urahisi. Kwa maneno mengine, maana aliyoieleza ilikuwa na mwenyewe: msomaji wa taifa fulani, mwenye picha fulani kichwani kuhusu majirani zake. Bila msomaji huyo, nyanya hubaki nyanya.

Karibu miaka kumi baadaye, Stuart Hall (1973) alilisukuma jambo hili mbele katika andiko lake kuhusu televisheni. Alibainisha nafasi tatu ambazo mpokeaji anaweza kuchukua: kuukubali ujumbe kama ulivyokusudiwa, kuukubali kwa masharti yake mwenyewe, au kuusoma kinyume. Hall hakusema nafasi ipi itachukuliwa na nani. Alisema kwamba jambo hilo haliwezi kujulikana kwa kuutazama ujumbe peke yake.

Nadharia ya Uhusiano, inayotumiwa sana katika tasnifu za Kiswahili, inafika hapo hapo kwa njia nyingine. Kwa mujibu wa Sperber na Wilson, maana hukamilika kwa msikilizaji, anayeunganisha usemi na muktadha alionao. Hivyo mtafiti anayetumia nadharia hii, kisha akaeleza maana ya bango kwa muktadha wake mwenyewe kama msomi wa chuo kikuu, ametumia jina la nadharia na kuacha sharti lake. Bango linaloonekana na dereva wa bodaboda, mama lishe na mstaafu lina wasomaji watatu wenye miktadha mitatu. Tasnifu hueleza msomaji wa nne, ambaye huenda hata hainunui bidhaa hiyo.

4.0 Kuvuta Jicho na Kutoa Hela

Utafiti wa masoko wenyewe una historia ndefu ya madai yaliyotangulia ushahidi. Mwaka 1957, mtafiti wa masoko wa Marekani, James Vicary, alidai kwamba alionesha maneno kwa kasi isiyoonekana kwa macho katika ukumbi wa sinema huko Fort Lee, New Jersey, na kwamba mauzo ya Coca-Cola yalipanda kwa asilimia 18 na ya bisi kwa zaidi ya asilimia 57. Umma ulishtuka. Mwaka 1962, Vicary mwenyewe alikiri kwamba data yake ilikuwa ndogo mno kuwa na maana. Hata hivyo, dai lake linaendelea kurudiwa hadi leo, kwa sababu linathibitisha kile ambacho watu walikwisha kukiamini: kwamba tangazo lina nguvu kama uganga.

Jaribio la Iyengar na Lepper (2000) linafaa kukumbukwa kwa sababu lilitenganisha mambo mawili ambayo tasnifu huyachanganya. Katika duka moja la vyakula huko California, wateja walioneshwa meza yenye aina 24 za jamu au meza yenye aina 6. Meza ya aina 24 iliwasimamisha asilimia 60 ya waliopita. Ile ya aina 6 iliwasimamisha asilimia 40. Lakini walionunua, miongoni mwa waliosimama, walikuwa asilimia 3 kwa meza kubwa na asilimia 30 kwa meza ndogo. Kilichovuta macho zaidi kiliuza kidogo zaidi. Majaribio ya baadaye hayakukubaliana: uchambuzi wa pamoja wa majaribio 50, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba kwa wastani athari ya wingi wa chaguo inakaribia sifuri. Fundisho linabaki kwa pande zote mbili. Kuvutia na kununua ni matendo mawili, na uhusiano wake lazima upimwe upya kila mahali.

Andrew Ehrenberg (1974) alikwenda mbali zaidi. Baada ya kuchunguza ununuzi wa bidhaa za kila siku, alihoji kwamba tangazo mara nyingi halimgeuzi mtu asiyenunua kuwa mnunuzi. Kazi yake kubwa ni kumkumbusha na kumtuliza yule ambaye tayari ananunua. Ikiwa Ehrenberg ana haki, hata kwa sehemu, basi swali la kushawishi linalotawala tasnifu za Kiswahili huenda si swali la msingi kwa sabuni, chumvi na majani ya chai. Swali lingekuwa namna tangazo linavyodumisha mazoea.

Lawama hii isielekezwe kwa idara za Kiswahili pekee. Tasnifu za idara za biashara humuuliza mlaji, lakini mara nyingi kwa hojaji yenye ngazi tano za kukubali au kukataa, zikitaka aseme kama matangazo humshawishi. Watu wachache wana uwezo wa kujua kilichowashawishi, na wachache zaidi hupenda kukikiri. Matokeo yake ni kwamba upande mmoja una maneno bila mlaji, na upande mwingine una mlaji aliyenyimwa maneno yake.

5.0 M-Pesa: Jina Moja, Nchi Mbili

Hakuna mfano unaoonesha hatari ya hitimisho la haraka kuliko M-Pesa. Huduma hiyo ilizinduliwa na Safaricom nchini Kenya mwezi Machi 2007, ikitangazwa kwa ujumbe mmoja mfupi uliowahimiza watu kutuma pesa nyumbani. Kwa mchambuzi wa matini, ujumbe huo ni utajiri. Neno nyumbani katika matumizi ya Afrika Mashariki halimaanishi chumba cha kupanga mjini. Lina wazazi, shamba, makaburi na deni la malezi. Ni rahisi kuandika sura nzima kuhusu neno hilo, na kuhitimisha kwamba ndilo lililoujenga umaarufu wa huduma.

Mwaka uliofuata, mwezi Aprili 2008, Vodacom ilizindua huduma hiyo hiyo nchini Tanzania, kwa jina hilo hilo. Nchi hizo mbili zilikuwa na idadi ya watu iliyokaribiana, lugha ya pamoja, na desturi zinazofanana za watu wa mjini kusaidia ndugu wa kijijini. Miezi 14 baada ya kuzinduliwa, Kenya ilikuwa na takriban watumiaji milioni 2.7. Kwa muda kama huo, Tanzania ilikuwa na takriban 280,000.

Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa kulichambua jina wala kwa tamathali. Sababu zinazotajwa na wachunguzi ziko nje ya matini. Safaricom ilikuwa na sehemu kubwa mno ya soko la simu nchini Kenya, ilhali Vodacom ilikuwa na washindani wenye nguvu. Wakenya wazima walikuwa na vitambulisho vya taifa vilivyorahisisha usajili, ilhali Tanzania haikuwa bado na mfumo wa namna hiyo. Tanzania ni kubwa zaidi kwa eneo na watu wake wametawanyika, jambo lililofanya iwe vigumu kumfikishia wakala wa mbali fedha taslimu na floti. Kadhalika, machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 yaliwafanya watu wengi waliokwama waitegemee simu kupokea msaada.

Baadaye Tanzania ilipanda na kuwa miongoni mwa masoko makubwa ya pesa za simu Afrika. Mtandao wa mawakala ulipanuka, na kuanzia mwaka 2014 kampuni zilianza kuruhusu pesa kupita kutoka mtandao mmoja hadi mwingine.

Hii haina maana kwamba neno nyumbani halikufanya kazi. Inawezekana kabisa lilifanya. Lakini linganisho la nchi mbili linaonesha kwamba hata ujumbe ulioandaliwa vizuri huhitaji wakala aliye karibu, mwenye fedha, na mteja anayeweza kusajiliwa. Mtafiti aliyechambua bango la mwaka 2008 bila kuuliza kama kuna wakala kijijini angetoa hitimisho moja kwa nchi zote mbili, na angekosea angalau kwa moja.

6.0 Mlaji kama Mtunzi

Pengo la mlaji linashangaza zaidi kwa sababu utamaduni wa Waswahili una mfano ulio wazi wa bidhaa ambayo mnunuzi ndiye anayeimaliza maana yake. Kanga huuzwa kwa rangi, kwa pindo, kwa mji, na kwa jina lake, yaani ujumbe uliochapwa chini. Mchapishaji hajui ujumbe huo utamwendea nani. Mwanamke anayeinunua anaweza kumpa mama yake kama shukrani, kumpitishia wifi kama fumbo, au kuiweka sandukuni hadi siku ugomvi utakapoihitaji. Maneno ni yale yale. Tendo la usemi ni tofauti kila mara. Anayetaka kujua maana ya kanga hana budi kumuuliza aliyeivaa na, ikiwezekana, aliyevaliwa.

Matangazo ya kisasa hayajaachana na tabia hii. Katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki, sabuni ya unga huitwa Omo hata pakiti ikiwa na jina jingine, na dawa ya viatu huitwa Kiwi. Kwa mchambuzi wa matini, huo ni ushindi wa tangazo. Kwa muuza duka, ni hali yenye utata, kwa kuwa mteja anayetaja Omo anaweza kupewa sabuni yoyote iliyopo na akaondoka ameridhika. Jina limeenea, na kwa kuenea limepoteza sehemu ya kazi yake ya kutofautisha.

Zaidi ya hayo, mlaji wengi wanaomzungumzia hanunui pakiti. Hununua mafuta ya kula ya kupima, sukari ya robo, na unga unaofungwa dukani. Bidhaa ya kupima haina nembo. Anayechagua aina yake mara nyingi ni mwenye duka, ambaye pia huamua nani aandikwe katika daftari la mkopo na nani asiandikwe. Anayetumwa dukani mara nyingi ni mtoto. Katika mnyororo huo wa mama aliyeagiza, mtoto aliyetumwa na muuzaji aliyepima, tasnifu inayozungumzia mteja anayeshawishika na sitiari haijasema inamzungumzia yupi.

7.0 Uzito wa Suala

Huenda ikaonekana kwamba huu ni ugomvi wa wasomi kuhusu mbinu. Sivyo. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 46, inatambua haki za mlaji na inalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na yenye heshima. Ili kuamua kama tangazo limepotosha, lazima ijulikane mtu wa kawaida amelielewaje. Hilo ni swali la lugha, na wataalamu wa Kiswahili ndio wangetakiwa kulijibu. Tasnifu zilizopo haziwezi kusaidia, kwa sababu hazina ushahidi wa uelewa wa mtu yeyote isipokuwa mchambuzi.

Mfano ni mikopo ya simu. Huduma ya M-Shwari, iliyozinduliwa nchini Kenya mwezi Novemba 2012, ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na tozo hiyo iliitwa ada, si riba. Mtu aliyekopa kila mwezi kwa mwaka mzima kwa kiwango hicho alilipa tozo sawa na asilimia 90 ya kiasi alichokuwa akikopa kila mara. Mchambuzi wa matini anaweza kusema kwa usahihi kwamba ada ni neno laini kuliko riba, na kwamba kwa baadhi ya Waislamu tofauti ya maneno hayo ina uzito wa kidini. Lakini je, mkopaji alipoona neno ada alidhani hulipwa mara moja? Aliilinganisha na riba ya benki au na ile ya chama cha kuweka na kukopa? Aliona kuwa ni ndogo kwa sababu ya jina, au kwa sababu hakuwa na pengine pa kukopa? Majibu hayamo katika tangazo. Yako kwa mkopaji.

Historia ya maziwa ya unga ya watoto wachanga inaongeza onyo. Malalamiko ya miaka ya 1970 dhidi ya uuzaji wake katika nchi maskini, ambayo yalichangia Shirika la Afya Duniani kupitisha kanuni za kimataifa mwezi Mei 1981, hayakuhusu maneno ya kopo tu. Yalihusu mama aliyechanganya maziwa kwa maji yasiyo safi, au aliyeyapunguza makali ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Madhara yalitokea jikoni, mahali ambapo matini ilikutana na umaskini.

8.0 Njia Zilizo Ndani ya Uwezo

Pingamizi la kawaida ni kwamba mwanafunzi wa lugha hana muda wala fedha za kufanya utafiti wa soko. Pingamizi hilo lina ukweli, lakini kinachohitajika si utafiti wa soko.

Hatua ya kwanza haigharimu kitu: hitimisho lilingane na data. Aliyechambua matini pekee aseme tangazo linakusudia kushawishi, na aishie hapo. Hatua ya pili ni kuyapeleka matangazo matano kwa watu 20 au 30 wa umri na kazi tofauti, kuwaomba wayaeleze kwa maneno yao wenyewe, na kulinganisha maelezo yao na uchambuzi wa mtafiti. Pale yanapotofautiana ndipo penye sura ya nne ya tasnifu. Hatua ya tatu, kwa suala kama la ada na riba, ni kuandaa matini mbili zinazotofautiana kwa neno moja, kuyapa makundi mawili, na kuwauliza wahusika watalipa kiasi gani mwishoni. Hatua ya nne ni kukaa dukani kwa siku kadhaa, kwa idhini ya mwenye duka na wateja, na kuandika namna watu wanavyoitaja bidhaa wanapoiomba.

Kielelezo kipo karibu. Timothy Burke (1996), katika kitabu chake kuhusu sabuni na vipodozi nchini Zimbabwe, alisoma matangazo na nyaraka za kampuni, lakini pia aliwasikiliza watu waliozitumia bidhaa hizo. Kazi yake ina nguvu kwa sababu sauti hizo mbili hazikubaliani kila mara.

9.0 Hitimisho

Tafiti za lugha ya matangazo zimeonesha kwamba Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kibiashara. Hazijaonesha kinachotokea pale lugha hiyo inapomfikia mtu mwenye shilingi chache na mahitaji mengi. Mapendekezo yanayoishia kuzishauri kampuni ziongeze tamathali yanawasaidia wenye bidhaa, ambao tayari wana fedha za kuajiri wabunifu, na yanamwacha mlaji bila mtetezi katika taaluma ambayo ndiyo ingeielewa lugha yake vizuri zaidi. Mtafiti anayefuata hana haja ya kuacha kuchambua sitiari. Ana haja ya kuichukua sitiari hiyo hadi dukani, amuulize anayenunua ameielewaje, na kuandika jibu kama lilivyotolewa.